Mizani inatangatanga: kuisaka kelele ya masafa ya chini kwenye ADC

Malalamiko huja kwa maneno yaleyale. Robota la mkonge liko juu ya mizani, hakuna anayeligusa, lakini namba kwenye kioo haikai: 250.1, 250.3, 249.9, inapanda tena. Karani anasubiri, makuli wanasubiri, dereva wa lori ameshaanza kupiga honi. Fundi akiitwa anaingia kwenye programu na kuongeza wastani. Palipokuwa na sampuli 10 anaweka 50, kisha 200. Sasa namba inakuwa nzito na inachelewa kufika, ila kutangatanga kuko palepale. Hapo ndipo mtu anatamka "kelele ya flika", yaani kuyumba kwa polepole kunakozaliwa ndani ya chipu yenyewe; chipu ya ADC, ile inayogeuza volti kuwa namba, inabebeshwa lawama, na nyingine inaagizwa kutoka Dar.

Mara nyingi chipu haina kosa. Flika ipo kweli, lakini ni ndogo kuliko inavyosingiziwa, na ina tabia zake ambazo ukizijua huwezi kuichanganya na upepo, kutu au umeme wa ukutani. Mwongozo huu nimeuandika kwa mafundi wa huku Tanga wanaohudumia mizani za marobota kwenye maghala, mizani za samaki pale Deep Sea, na vile vipimajoto vya vyumba vya baridi vinavyosoma kwa ADC. Mfano wangu ni mizani ya jukwaa ya kilo 500 yenye ADC ya HX711, kwa kuwa ndiyo chipu iliyojaa mitaani. Mwenye chipu nyingine abadilishe hesabu tu, njia ni hiyohiyo.

Kabla ya kushika bisibisi: mizani inayotumika kuuzia ina lakiri ya Wakala wa Vipimo. Ukiikata, mizani hairudi kazini mpaka ihakikiwe upya. Kubaliana na mwenye mali mapema, usimwachie mshangao wa msimu wa mauzo.

Geuza gramu ziwe volti

Hatua hii wengi wanairuka, nayo ndiyo inayookoa muda kuliko zote. Lodiseli, yaani kihisi cha uzito chenye rezista zilizofungwa kama daraja, kwa kawaida hutoa milivolti 2 kwa kila volti 1 ya umeme unaoilisha. Ikilishwa volti 5, mzigo kamili wa kilo 500 unatoa milivolti 10 basi. Gawanya kwa gramu laki tano: kila gramu ni nanovolti 20.

Datashiti ya HX711 inasema kelele yake, ikiwa kwenye ukuzaji wa mara 128 na sampuli 10 kwa sekunde, ni nanovolti 50 kwa kipimo cha RMS (aina ya wastani wa ukubwa wake). Hizo ni gramu 2 na nusu. Ukitaka kujua toka juu kabisa hadi chini kabisa, zidisha kwa 6.6, upate nanovolti 330, yaani gramu 16 au 17. Mizani inayoonyesha hatua za gramu 100 haitakiwi kuiona kelele hiyo kabisa.

Sasa rudi kwenye robota letu. Kati ya 249.9 na 250.3 kuna gramu 400, sawa na mikrovolti 8. Hiyo ni mara 24 ya kelele ya chipu. Kitu kinachotoa mikrovolti 8 ni kikubwa, kina mahali pake, na kinaweza kukamatwa. Ukiona gramu 15 zinacheza kwenye namba ghafi, hapo unaweza kuanza kuzungumza habari za flika. Ukiona gramu 400, weka mkoba chini uanze kutafuta.

Angalizo moja la ununuzi. Jukwaa la kilo 500 lililofungwa lodiseli nne za kilo 500 kila moja lina uwezo wa kilo 2000, na gramu yake inashuka hadi nanovolti 5. Watu hufunga lodiseli kubwa "kwa usalama", kisha wanashangaa namba haitulii. Wameikata sauti ya mzigo robo tatu, kelele wakaiacha vilevile.

Flika yenyewe ikoje

Kelele nyeupe, ile inayotokana na joto la rezista, ina nguvu sawa kwenye kila hezi. Flika haiko hivyo. Masafa yakipungua nusu, nguvu yake kwa kila hezi inakuwa maradufu, ndiyo sababu huandikwa 1/f. J. B. Johnson aliiona kwenye vali za utupu mwaka 1925, na mwaka uliofuata Walter Schottky akaandika maelezo yake. Kwenye transista za MOS, ambazo ndizo zilizomo ndani ya ADC nyingi za leo, maelezo yanayotumika sana ni ya mitego: tabaka la oksaidi lililo juu ya njia ya mkondo lina kasoro ndogondogo zinazonasa elektroni, zinaishikilia, kisha zinaiachia. Mtego mmoja unaachia baada ya mikrosekunde, mwingine baada ya dakika nzima. Ukijumlisha mitego yote hiyo ya kasi tofauti unapata mteremko wa 1/f. Kwa sababu hiyo transista yenye eneo kubwa ina flika ndogo, na chipu ya bei rahisi iliyobanwa sana huwa na kelele zaidi.

Kwa fundi, maana yake ni hii. Kati ya hezi 1 na 10 kuna kiasi fulani cha nguvu ya flika. Kati ya hezi 0.01 na 0.1 kipo kiasi kilekile. Wastani wa sampuli nyingi huipunguza kelele nyeupe kwa kipeuo cha pili cha idadi yake: sampuli mia, kelele inashuka mara kumi. Kwa flika haifanyi kazi, maana kila unaporefusha muda wa wastani unayaruhusu masafa ya chini zaidi kuingia, nayo yanakuja na nguvu yao. Ni kufua maji kwenye mtumbwi unaovuja kwa kasi ileile unayofua.

Rekodi kwanza, fungua baadaye

Usiamini kioo. Programu ya kioo imeshapitisha wastani, imeshazungusha namba, pengine imejilazimisha kusoma sifuri. Chomeka laptopu, chukua namba ghafi za ADC pamoja na saa, kwa muda wa saa nzima angalau, mizani ikiwa na uzito uliokufa juu yake. Kwenye HX711 yenye ukuzaji wa 128 na lodiseli ya milivolti 2 kwa volti, kila gramu ya mizani yetu ni hesabu 8 na nusu hivi, bila kujali umeme ni volti 5 au 4.3, kwa kuwa chipu inatumia umeme uleule kuilisha lodiseli na kujipimia. Kama unaweza, rekodi pia joto la ndani ya kasha.

Kisha fanya hesabu inayoitwa kwa jina la David Allan kutokana na kazi yake ya mwaka 1966 juu ya saa za atomu. Gawa rekodi vipande vya sekunde 1, tafuta wastani wa kila kipande, toa kila wastani kutoka kwa unaoufuata, pandisha tofauti hizo kwa kipeo cha pili, tafuta wastani wake, gawa kwa mbili, halafu chukua kipeuo cha pili. Rudia kwa vipande vya sekunde 10, kisha sekunde 100. Lahajedwali yoyote inaiweza kazi hii.

Umepata namba tatu. Zikishuka mara tatu na kidogo kila hatua, una kelele nyeupe, na wastani mrefu utakusaidia. Zikibaki karibu sawa, hiyo ndiyo alama ya flika. Zikipanda, kuna kitu kinahama: joto, unyevu au lodiseli kulegea. Mara nyingi utaona zinashuka kutoka 1 hadi 10 kisha zinapanda kwenye 100, na ukishaona hivyo unajua kwamba wastani wa zaidi ya sekunde kumi na kitu ni hasara tupu.

Daraja bandia

Ng'oa lodiseli. Mahali pake weka kitu kisicho na uzito wala upepo: rezista mbili za filamu ya metali, kiloomu 1 kila moja, moja ikifuata nyingine kutoka E+ hadi E− (nyaya zinazoilisha lodiseli), na A+ na A− (nyaya za ishara yake) zote mbili ziunganishwe pale katikati. Usifupishe A+ na A− kwenye grandi. HX711 inataka ingizo lake likae juu ya grandi kwa volti 1.2 na chini ya umeme wake kwa volti 1.3, ukikosea hapo utapata namba za ajabu na utaihukumu chipu bure.

Rekodi tena saa nzima. Kutangatanga kukiisha, kosa liko nje ya bodi: waya, viungo, lodiseli, jukwaa, hewa. Kukibaki, liko kwenye bodi au kwenye umeme wake. Hapa pwani, kwa kadiri nilivyoona, kunaisha mara nyingi zaidi kuliko kubaki, na pesa ya chipu mpya inabaki mfukoni.

"Mchana inacheza, usiku imetulia"

Hili ndilo lalamiko kubwa la Tanga na lina vyanzo viwili vinavyokuja pamoja, vyote vikiletwa na upepo wa bahari.

Cha kwanza ni cha nguvu tu. Upepo wa mita 5 kwa sekunde una mgandamizo wa paskali 15 hivi. Juu ya jukwaa la mita moja ya mraba hiyo ni nguvu ya nyutoni 15, kilo moja na nusu, kama upepo utapata njia ya kusukuma juu au chini. Ghala lenye mlango uliotazama bahari, msimu wa kusi, halihitaji maelezo zaidi. Funga mlango, rekodi, linganisha.

Cha pili ni cha siri zaidi, na ndicho hasa kinachofanana na flika kwenye grafu. Kila mahali metali mbili tofauti zinapogusana panazaliwa volti ndogo inayotegemea joto. Shaba na solda ya risasi na bati: mikrovolti 1 hadi 3 kwa kila nyuzi ya selsiasi. Shaba na Kovar, ile aloi ya miguu ya baadhi ya vifaa: mikrovolti 40. Shaba safi na shaba iliyooza kuwa oksaidi: inaweza kufika mikrovolti 1000. Sasa fungua kasha la viungo lililokaa miaka mitatu mita chache kutoka majini, utazame skrubu za A+ na A−. Waya uliokuwa mwekundu umekuwa mweusi, pembeni kuna unga wa kijani, na skrubu moja imeliwa kuliko mwenzake. Viungo viwili vinavyofanana, vikiwa na joto moja, vinafutana. Hivi havifanani tena. Tofauti ya sehemu nane kwa elfu za nyuzi moja kati yake, ambayo pumzi ya mtu inatosha kuileta, ni mikrovolti 8 zetu na gramu 400 zetu.

Jaribio lake ni rahisi. Tafuta boksi jeupe la kuwekea samaki na barafu, lifunike juu ya kasha la viungo na bodi, acha mambo yatulie kwa nusu saa, kisha rekodi. Kutangatanga kukipungua mara kadhaa, umempata. Au fanya kinyume: pepea kasha kwa kipande cha kadibodi huku unaangalia namba ghafi.

Tiba: kata waya mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, usiukwangue tu kwa kisu. Badilisha kiungo chote, si skrubu moja. Weka A+ na A− zikiwa zimegusana ubavu, ili joto lao liwe moja, na hamisha kirekebisha volti na kitu chochote chenye joto mbali nazo. Pakaza grisi ya silikoni. Kasha lifungwe kwa raba, tundu la waya litazame chini. Wengine hutoboa kasha "lipumue"; hapa kwetu tundu hilo linapumua chumvi.

"Sifuri imetulia, mzigo ukiwekwa ndiyo inaanza"

Dalili hii inasema mengi kwa fundi anayesikiliza. Kelele ya ingizo la ADC haijui kama kuna mzigo au hakuna. Ingekuwa hiyo, sifuri nayo ingecheza. Kinachokua pamoja na mzigo ni kile kinachozidishwa na mzigo: umeme unaolisha lodiseli, au volti rejea ya ADC, ile inayoitumia kama rula ya kupimia.

Kwenye HX711 iliyofungwa sawasawa viwili hivyo ni kitu kimoja na vinafutana. Ila kuna wanaolisha lodiseli kutoka adapta moja na kuisoma kwa ADS1115, ADC nyingine ambayo ina volti rejea yake ya ndani. Hapo hakuna kufutana. Volti 5 za adapta zikiyumba kwa asilimia 0.1, robota la kilo 250 linayumba gramu 250, na mizani ikiwa tupu huoni kitu. Volti rejea nzuri kama REF5025 ina kelele ya mikrovolti 3 kwa kila volti kati ya hezi 0.1 na 10. Kwa robota letu hiyo haifiki hata gramu 1. Kwa hiyo shuku adapta kwanza.

Tiba ni kuzifanya mbili ziwe moja: chukua ADC inayokubali volti rejea ya nje, uipe E+ na E− zilezile za lodiseli. Waya ukiwa mrefu, tumia lodiseli ya waya sita, ambayo inarudisha nyuma volti iliyofika kweli kwenye daraja.

Mzigo ukiwekwa na namba ikaendelea kupanda au kushuka upande mmoja tu kwa dakika nyingi, bila kurudi, huko ni chuma na gundi ya lodiseli vinalegea. Umeme hauhusiki. Datashiti ya lodiseli inataja kiwango chake, kwa kawaida kwa nusu saa. Ikizidi hapo, lodiseli imechoka au ilipigwa na mzigo.

"Inapanda na kushuka kwa mpigo"

Flika haina mpigo. Ukiona wimbi kwenye grafu, lenye vilele vinavyopishana kwa muda uleule, tafuta hezi 50 za ukutani zilizojivika masafa ya uongo. Programu ya ESP32, kompyuta ndogo ya chipu moja, inayosoma ADC yake ya ndani kila milisekunde 100 inaikuta hezi 50 mahali palepale kila mara, kama umeme ni hezi 50 kamili. Umeme ukiwa 49.95, tofauti ya hezi 0.05 inatokea kama wimbi la sekunde 20. Mtu akiliangalia anasema joto, anasema flika, anasema jini. ADS1115 ikiwekwa sampuli 8 kwa sekunde ina mashimo yake ya kuchuja kwenye 48 na 56, hivyo 50 inapunguzwa lakini haifi, inajitokeza kwenye hezi 2.

HX711 kwenye sampuli 10 inachuja 50 vizuri. Shida ni wale wanaoinua mguu wa RATE (unaochagua kasi ya sampuli) ili kioo kiwe chepesi: wanapata sampuli 80, na wanapoteza uchujaji huo bila kujua.

Badilisha kasi ya sampuli kidogo, kwa mfano milisekunde 97 badala ya 100. Muda wa wimbi ukibadilika, ni umeme wa ukutani. Thibitisha kwa kuendesha mizani kwa betri, adapta ikiwa imechomolewa kabisa. Athi ya jengo nayo ikaguliwe. Maghala mengi ya zamani yana athi ya jina tu.

"Inaruka, inakaa huko, inarudi"

Ngazi, si mteremko. Namba inakaa mahali A, ghafla iko B, dakika moja baadaye iko A tena. Kabla ya mengine, tikisa waya: kiungo kilicholegea kinatoa hivyo hivyo. Kisha weka simu ya kitochi juu ya kasha, upigiwe. Simu za 2G zinatuma kwa mipigo 217 kwa sekunde, na ingizo la kikuzaji linaigeuza mipigo hiyo kuwa volti ya kusimama. Namba inahama muda wote simu inapoongea. Kapasita ya nanofaradi 1 kati ya A+ na A−, karibu kabisa na chipu, na kasha la chuma lililofungwa athi, vinamaliza shida hiyo. Usimalizie kwa kubandika tangazo la "Zima simu".

Waya ukiwa imara na simu iko mbali, basi ni kelele ya mpasuko: kasoro ndani ya kipande cha silikoni inayowaka na kuzimika. Ni ndugu wa flika, mtego mmoja mkubwa badala ya mingi midogo. Haina dawa. Badilisha chipu, na safari hii nunua kwa muuzaji anayejua mzigo wake umetoka wapi.

"Masika yakianza tu, tabu inaanza"

Unyevu. Lodiseli ya omu 350 inaonekana kwenye kila waya wa ishara kama omu 175, ndogo sana, na watu hudhani uvujaji hauwezi kuisumbua. Piga hesabu. Megaomu 10 za unyevu kati ya waya wa ishara na E+ zinapitisha robo ya mikroampia. Mara 175 ni mikrovolti 44, zaidi ya kilo 2. Megaomu 100 ni gramu 220. Hata gigaomu 1 ni gramu 22. Unyevu nao haukai: unapanda alfajiri, unakauka saa sita, na kutangatanga kwake kunafuata jua.

Pima uzuiaji kati ya nyaya zote za lodiseli na mwili wake, lodiseli ikiwa imechomolewa kwenye bodi. Tumia mega (kipima uzuiaji) ya volti 50, usitumie ya 500, utaiua. Lodiseli nzima husoma maelfu ya megaomu; ikisoma mamia, maji yameshaingia, na mara nyingi yamepitia kwenye kebo iliyotafunwa na panya. Upande wa bodi, osha mabaki ya fluksi kwa spiriti safi na mswaki, kausha kwa joto dogo, kisha paka vanishi ya bodi. Vanishi juu ya uchafu ni kuufungia mwizi ndani.

Imebaki flika kweli

Umefunika, umekata waya, umetumia betri na daraja bandia, na namba tatu za Allan bado zimelala usawa mmoja. Sawa, hiyo ni flika, na hapo wastani hauna kazi. Zipo njia tatu zinazofaa.

Ya bei rahisi ni kupima sifuri mara kwa mara. Soma jukwaa tupu, weka robota, soma, toa. Kelele yote inayokwenda polepole kuliko muda kati ya masomo hayo mawili inafutika kwa sehemu kubwa. Sifuri ya asubuhi haifai kwa robota la jioni. Sifuri ya sekunde kumi zilizopita inafaa.

Ya pili ni kubadilisha kikuzaji au ADC. Kikuzaji cha OP07 kina kelele ya mikrovolti 0.35 kati ya hezi 0.1 na 10, toka juu hadi chini, na OP27 kina 0.08, kwa mizani yetu ni gramu 17 na nusu dhidi ya 4. ADC ya ADS1232, iliyotengenezwa kwa ajili ya mizani, ina nanovolti 17 za RMS kwenye ukuzaji wa 128 na sampuli 10. Kuna pia vikuzaji vya choppa, ambavyo vinageuza ishara mbele na nyuma kwa kasi kabla ya kuikuza, kisha vinairudisha. Flika inabaki huko juu kwenye masafa ya kugeuza, na kichujio kinaiondoa. Ukijenga kikuzaji mwenyewe, rezista ziwe za filamu ya metali. Zile za filamu nene zina flika yao wenyewe mkondo ukipita, na potenshomita ya kaboni ndiyo mbaya kuliko zote.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, maana inaua flika na volti za viungo kwa pigo moja: geuza umeme wa lodiseli. Kwa MOSFET nne zikiwa swichi, lisha E+ na E− sawasawa, soma. Geuza, soma tena. Toa la pili kutoka la kwanza, gawa kwa mbili. Uzito unageuka ishara pamoja na umeme, makosa hayageuki, kwa hiyo yanafutana. ADC ya AD7195 ina vidhibiti vya kazi hii tayari. Kwa HX711 unaweza kuifanya kwa mkono, ila kumbuka inahitaji milisekunde 400 kutulia kwenye sampuli 10, kwa hiyo baada ya kila kugeuza tupa masomo manne ya kwanza. Jozi moja itachukua sekunde moja hivi. Kwa robota linalokaa juu ya jukwaa mpaka karani aandike, sekunde moja si kitu. Kwa mizani ya samaki wanaorushwa na kuondolewa haraka, nunua chipu ya njia ya pili.

Ukimaliza, rudia rekodi ya saa nzima, na zile namba za sekunde 1, 10 na 100 uziandike kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya kifuniko cha kasha, pamoja na tarehe. Fundi atakayeitwa masika yajayo ataanzia hapo.